Mabaka yanadanganya, someni lebo

Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri rangi za mavazi ya kijeshi, lakini mabaka yake huigwa na huuzwa nchi hadi nchi. Geuza jaketi ndani utafute lebo. Lile tuliloachiwa na marehemu baba mdogo lina mabaka meusi, ya kahawia, ya kijani na ya rangi ya mchanga, na nyumbani wote waliapa ni la jeshi la Kenya. Lebo ikawaumbua: ina namba ya NATO yenye tarakimu 13, na baada ya zile nne za mwanzo inafuata 99, yaani Uingereza. Ingekuwa 12 ni Ujerumani, 14 Ufaransa, 00 au 01 Marekani. Lebo ya Marekani huwa na namba ya mkataba pia. Ukikuta DLA100-82, hiyo 82 ni mwaka wa fedha.

Halafu jaketi la namna hii msilivae mtaani. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia wa Tanzania siku saba kusalimisha mavazi ya kijeshi, na askari wa doria hana muda wa kusikiliza habari za baba mdogo.