Fedha za Ushuru Zifike Benki

Wazee wetu hawajaisahau kodi ya maendeleo. Mgambo walikuwa wakivamia vijiji alfajiri, na mtu asiye na stakabadhi alilala porini kama mhalifu, mpaka kodi hiyo ilipofutwa mwaka 2003. Siku hizi mkusanya ushuru amepewa mashine ya mkononi badala ya kitabu cha stakabadhi, na mwananchi anayelipia leseni ya biashara hupewa namba ya malipo, akalipa benki au kwa simu pasipo kumwona karani. Mabadiliko hayo tunayaunga mkono kwa moyo wote.

Lakini mashine haina uchungu na mali ya umma. Mwaka baada ya mwaka, taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeeleza habari ile ile: fedha zimekusanywa kwa mashine, stakabadhi zimetolewa, ila benki hazikufika. Zamani mwizi alihitaji kitabu cha pili cha stakabadhi. Sasa hata kitabu hakihitaji!

Hasara hiyo ni ya nani? Si ya wakubwa wa halmashauri, maana mishahara yao haipungui. Ni ya mama muuza mchicha, ambaye hutozwa ushuru kabla hajauza fungu la kwanza, kisha akakaa juani kwa kuwa soko halina paa, wala choo. Zaidi ya hayo, sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ikopeshwe bila riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Shilingi iliyoishia mfukoni mwa mtu haihesabiwi katika mapato hayo.

Kwa hiyo tunadai jambo lililo rahisi. Kila soko liwe na ubao, na kila Jumatatu ibandikwe hapo hesabu ya wiki: kila mashine imekusanya kiasi gani, na benki kimefika kiasi gani. Wafanyabiashara wanaijua siku ya gulio na wanaijua siku ya mvua. Hawadanganyiki kwa tarakimu. Na mkusanya ushuru ambaye hajapeleka fedha za jana asikabidhiwe mashine leo.

Tunalo pia neno kwa wenye nyumba. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa katika LUKU. Njia ni ya kisasa, lakini anayedaiwa kodi ni mwenye nyumba, na anayenunua umeme ni mfanyakazi aliyepanga. Fedha hiyo na ipunguzwe katika pango lake, kuanzia mwezi huu.