Mchezo ni wa Watano, Mazoezi ni ya Wote



Wahenga walisema kwamba chanda chema huvikwa pete. Ni methali ya haki kwa watu wazima, ambao kazi zao zimekwisha kuonekana. Lakini ikichukuliwa na mwalimu wa watoto na kufanywa sheria ya uwanjani, huleta hasara isiyoonekana upesi.

Pita jioni moja karibu na kiwanja cha mpira wa kikapu, wakati watoto wametoka shuleni. Aghalabu utamwona mwalimu ameshughulika na vijana watano au sita, warefu na wepesi wa miguu. Wengine kumi wamesimama pembeni, mikono nyuma, na kazi yao ni kuukimbilia mpira unapotoka nje. Baada ya majuma matatu hao kumi wamekuwa saba. Muhula ukiisha hawapo tena, na mwalimu husema kwamba hawakuwa na moyo wa michezo. Je, tumwamini? Mtoto aliyesimama kwa saa nzima bila kushika mpira ameonyesha moyo mkubwa kuliko tulivyostahili.

Leo napenda tuzungumze juu ya saa moja u nusu ya mazoezi, na jinsi ya kuigawa ili kila mtoto aondoke na kitu. Huenda wewe ni mwalimu wa shule uliyekabidhiwa timu kwa sababu tu ulikuwa kijana kuliko wenzako. Huenda ni mzazi ambaye majirani wamekuomba uwaangalie watoto wa mtaa. Mazungumzo haya ni yenu nyote.

Kwanza tukumbuke mchezo wenyewe ulivyozaliwa. Mwezi Desemba, mwaka 1891, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada, James Naismith, alikuwa na darasa la vijana 18 waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi kali. Mkuu wake alimpa siku 14 atafute mchezo mpya. Naismith akaandika kanuni 13, akapigilia vikapu viwili vya kuwekea matunda kwenye kingo za roshani, futi 10 kutoka sakafuni, akaligawa darasa lake kati: tisa huku, tisa kule. Siku hiyo lilipatikana bao moja tu, lakini hakuna kijana aliyeachwa pembeni. Hesabu ya wachezaji watano kila upande ilikuja baadaye. Urefu ule wa kikapu haukubadilika: ndio mita 3.05 za leo.

Basi mchezo huu haukubuniwa kwa ajili ya kuwachuja watu. Ulibuniwa ili darasa zima lipate la kufanya.

Sasa tuje uwanjani. Kazi ya mwalimu huanza kabla watoto hawajafika. Atembee kiwanja kizima akitafuta vigae vya chupa, misumari na mashimo, na autikise mlingoti kuona kama umelegea. Ahakikishe kuwa maji ya kunywa yapo. Kisha aandike katika karatasi ndogo mambo atakayofundisha siku hiyo, na dakika za kila jambo. Mwalimu asiye na karatasi hiyo huishia kuwaacha watoto wacheze ovyo, na katika mchezo wa ovyo mpira hauondoki mikononi mwa wale wale watano.

Autazame pia mpira wenyewe. Wanaume na wavulana wakubwa hutumia mpira namba 7, wasichana wakubwa na wanawake namba 6, na watoto wasiozidi miaka 12 namba 5. Mtoto mdogo akipewa mpira wa watu wazima huurusha kutoka kiunoni kwa nguvu za mgongo, na tabia hiyo ikishakaa ni kazi kuiondoa. Kikapu cha watoto wadogo nacho huwekwa chini kidogo, mita 2.60. Kama chenu hakishuki, mchoree mtoto duara la chaki ukutani, alenge hapo mpaka mkono uzoee. Samaki mkunje angali mbichi, lakini usimkunje hata akavunjika.

Dakika 10 za kwanza ni za kupasha mwili moto: kukimbia polepole, kwenda ubavu, kurudi kinyumenyume, na mchezo wa kufukuzana ili wacheke. Dakika 15 zifuatazo ni za kudundisha mpira, kusimama na kugeuka. Hapa mwalimu hulia kwamba mipira ni michache. Ni kweli, lakini miguu haihitaji mpira. Mtoto anaweza kujifunza kusimama ghafla kwa miguu miwili bila kuyumba, na kugeuka huku mguu mmoja umebaki palepale, pasipo kushika chochote. Mwenye mpira adundishe kwa vidole, si kwa kiganja, na macho yawe juu. Mwalimu anyooshe vidole vyake hewani, na mtoto aseme ni vingapi huku akiendelea kudundisha. Atayeinamia mpira hatajua hesabu.

Kisha zije dakika 20 za kurusha kikapuni, na hapa ndipo penye siri. Tuseme una watoto 15, kikapu kimoja, na foleni moja. Kila mrushaji huchukua sekunde 10. Kila mtoto atarusha mara moja katika dakika mbili u nusu, yaani mara nane tu kwa dakika 20. Dakika nyingine zote atakuwa amesimama. Sasa wagawe katika makundi matatu ya watano. Kundi la kwanza lirushe kikapuni, la pili lipeane pasi za kifuani na za kudunda, la tatu lijifunze kulinda, magoti yamekunjwa na mikono wazi, likienda ubavu bila kuvuka miguu. Kila baada ya dakika saba hivi, puliza kipenga wabadilishane. Piga hesabu: kila mtoto bado atapata mirusho yake minane, maana kikapu ni kile kile kimoja. Lakini zile dakika za kusimama zimegeuka kuwa dakika za kujifunza. Hukununua kitu, umeondoa foleni tu.

Baada ya hapo tumia dakika 10 kuwaweka wawili wawili, mmoja akishambulia na mwenzake akilinda, kisha wapokezane. Mtoto mfupi asiyeheshimiwa katika kurusha huonekana thamani yake hapa, kwa kuwa miguu ya haraka haiulizi kimo.

Dakika 25 ni za mchezo. Usicheze watano kwa watano huku wengine wakitazama. Wagawe watatu watatu. Watoto 15 ni timu tano. Tumia nusu ya kiwanja na kikapu kimoja. Timu inayofungwa inatoka, nyingine inaingia, na weka sharti kwamba hakuna kurusha mpaka wote watatu wameugusa mpira. Usidhani huu ni mchezo wa kujifariji. Mpira wa kikapu wa watatu kwa watatu uliingizwa rasmi katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Tokyo mwaka 2021. Katika timu ya watatu hakuna pa kujificha, wala hakuna wa kusahauliwa.

Dakika 10 za mwisho ni za kutembea, kujinyoosha na kuzungumza. Kila mtoto aambiwe jambo moja alilofanya vizuri, na lazima liwe la kweli, kwa maana watoto huijua sifa ya uongo. Makosa nayo yarekebishwe moja moja. Mtoto anayeambiwa kwa mpigo kwamba kiwiko kimekaa vibaya, miguu imebanana na macho yametazama chini, hushindwa yote matatu.

Hapana budi tuseme neno juu ya adhabu. Wako walimu wanaomzungusha kiwanja mtoto aliyekosea, na wako wanaonyima maji wakidai kwamba kiu hukomaza. Kukimbia kukifanywa adhabu, mtoto atakuchukia kukimbia, nako ndiko nusu ya mchezo. Kunyima maji ni hatari kabisa katika joto letu. Wapumzishe wanywe kila baada ya dakika 15 au 20. Mtoto anayelalamika kizunguzungu, kichwa na kichefuchefu apelekwe kivulini, alazwe, alowanishwe maji na kupepewa. Akianza kuchanganyikiwa au kuzimia, huo si uvivu. Akimbizwe hospitali huku akiendelea kupozwa. Na katika mwezi wa Ramadhani, mazoezi ya wanaofunga yapunguzwe, wajifunze kurusha na kupanga mbinu badala ya kukimbizwa.

Mguu ukiteguka, mwachishe mchezo palepale. Weka kitu cha baridi juu ya kitambaa, funga bila kubana mno, uinue mguu. Usiuvute, wala usiukande kwa maji ya moto siku za mwanzo, maana uvimbe huongezeka. Kama hawezi kukanyaga, mpeleke akaonwe na mganga hospitalini.

Sasa nizungumze na wazazi wa mabinti. Wasichana wengi huchelewa mazoezini kwa sababu ya kuchota maji, kupika na kubeba wadogo zao. Mwalimu anayemwadhibu msichana huyo anamwadhibu kwa utii wake. Dawa ni mwalimu kwenda nyumbani, akae na mama na baba, wapatane siku na saa, na binti arudi kabla ya giza. Tena jambo la mavazi lisiwe kizuizi: shirikisho la kimataifa la mchezo huu liliruhusu vazi la kufunika kichwa mwaka 2017. Na mzazi ana haki ya kudai kwamba mwalimu asibaki peke yake na mtoto mahali pa faragha, na kwamba safarini awepo mtu mzima mwingine. Mwalimu mwema hachukizwi na sharti hilo, kwa kuwa linamlinda yeye pia.

Utaniuliza: je, mwenye kipaji arudishwe nyuma kwa ajili ya wazito? La, hasha. Aje nusu saa mapema afundishwe zaidi. Apewe mwenzake mmoja amfundishe, maana anayefundisha hujifunza mara mbili. Lakini asipewe dakika za wengine.

Tena nani ajuaye kwa hakika mwenye kipaji ni yupi? Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, na mpira wa kikapu alianza kuucheza akiwa na umri wa miaka ipatayo 15. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu ya Marekani, na timu ya Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Ni kweli, watoto wengi hawatafika huko, wala si lazima wafike. Lakini kama kijana anaweza kuanza akiwa na miaka 15 na kufika alikofika, mwalimu atawezaje kumhukumu mtoto wa miaka 11 kwa majuma matatu?

Na wewe unayetaka ushindi, sikiliza. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole vitano navyo huchoka. Mchezaji akifikisha faulo tano hutolewa uwanjani. Mwingine ataugua malaria siku ya mashindano, wa tatu atakuwa na mtihani. Hapo utageuka kutazama benchi, na utakachokikuta ni kile ulichokiweka siku za mazoezi. Kama uliweka waokota mpira, usitegemee wachezaji.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto akirudi jioni, swali la kwanza aghalabu ni: mmeshinda? Afadhali tuulize: leo umejifunza nini? Akikosa jibu mara tatu mfululizo, mwendee mwalimu kwa heshima, tena faraghani, si kwa kupiga kelele kutoka pembeni mwa kiwanja mbele ya wenzake. Pengine utamkuta ana watoto 30 na mpira mmoja, na utagundua kwamba alichohitaji ni mtu wa kumshikia saa na kusimamia kundi moja. Kazi hiyo hata asiyewahi kucheza anaiweza.

Namna ya kuipima kazi hii ni rahisi, nayo haitaki kombe. Siku ya kwanza andika majina yote katika daftari. Muhula ukiisha, yaite majina hayo moja baada ya jingine, uone ni wangapi wataitika. Asiyeitika, mwendee kwao ukaulize. Huenda alihama, huenda aliugua. Lakini kama utaambiwa kwamba alichoka kusimama, jina lake liandike juu kabisa katika daftari la muhula unaofuata, na siku hiyo umpe mpira yeye kwanza.

Panapo majaliwa, tukutane Jumapili ijayo.