MLINZI WA GHALA SI MANAMBA



Tangu magunia 6 ya korosho yapotee ghalani maneno ni mengi. Wapo wanaosema, tena kwa sauti kubwa pale kwenye mizani, eti mlinzi akatwe mshahara wote mpaka deni liishe, kisha afukuzwe. Wakiambiwa kuna sheria, wanajibu: sisi ni wakulima, siyo kampuni, sheria za waajiri zinatuhusu nini? Tunawajibu hapa ukutani ili kila mtu asome.

Zinatuhusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, haiulizi kama mwajiri ni tajiri wa mjini au chama cha watu wenye heka mbili mbili. Aliyemwajiri mtu kwa ujira ni mwajiri, basi.

Tuanze na huko kukatwa. Sheria inasema mshahara haukatwi kwa ajili ya hasara mpaka ithibitike kwamba hasara ilitokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Lazima apewe maandishi yenye sababu, kiasi na hesabu yake, na apewe nafasi ya kuipinga. Hata akionekana ana kosa, makato hayazidi robo ya mshahara. Sasa ndugu, nani kati yetu ameiona hiyo hesabu? Ghala lina funguo ngapi, na ziko mifukoni mwa nani? Mlinzi anashika rungu na tochi tu. Funguo hashiki.

Kufukuza nako kuna njia yake. Iwepo sababu ya haki, aelezwe kosa, ajitetee mbele ya kikao, na mwenzake akae naye kumsaidia. Mkimfukuza kwa kelele za mizani, anazo siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tume ikiona ameonewa, inaweza kuamuru arudishwe kazini au alipwe fidia. Fidia hiyo itatoka wapi? Kwenye korosho zetu! Wanaopiga kelele leo hawatailipa peke yao.

Na tuseme jambo ambalo Bodi haipendi kulisikia. Mlinzi huyu anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi, siku 7 za juma. Hayo ni masaa 84. Sheria inaweka masaa 45 ya kawaida kwa juma, siku zisizidi 6, na apate masaa 24 mfululizo ya kupumzika. Yanabaki masaa 39 ya ziada kila juma. Kwa majuma manne ni 156, na sheria inaruhusu 50 tu, tena kwa malipo ya mara moja na nusu. Kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi huongezwa asilimia 5 kwa kila saa. Likizo ni siku 28 kwa mwaka, kwa malipo. Huyu ana miaka minne hapa, na likizo anaisikia kwa walimu. Mtu asiyelala miaka minne, halafu tunashangaa akisinzia?

Barua ya ajira hana. Wengine wanafikiri hilo linakilinda chama. Kinyume chake! Pasipo maandishi, shauri likifika mbele, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia mwajiri. Na NSSF je? Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na wa mfanyakazi hauzidi nusu yake.

Wazee wetu walikwenda mkonge wakaitwa manamba. Walijua kipande, walimjua mnyapara. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakemea viongozi wenye majivuno na dharau, na wafanyakazi wa viwandani wakaushika kweli kweli. Leo mtoto wa manamba amepata ghala lake, anataka naye awe mnyapara!

Tunataka mkutano mkuu uamue hivi: mlinzi asikatwe hata senti kabla hajasikilizwa, waliokuwa na funguo nao wahojiwe, aajiriwe mlinzi wa pili, na Bodi ilete barua za ajira za mlinzi, karani na mpima mizani.

Tena sheria inamtaka mwajiri abandike mahali pa wazi karatasi ya haki za wafanyakazi. Ghalani haipo. Hapa chini tumeacha nafasi, Katibu ailete, gundi tunayo.

Kamati ya Gazeti la Ukutani