Jina la mkimbizi lisipite njia wazi



Majuzi nilimsindikiza mama mmoja aliyekimbia vita mpaka kwenye biro moja ya kuandikisha wakimbizi wa ndani hapa mjini. Kijana wa biro aligonga herufi ya kwanza ya jina lake. Skrini ikanyamaza, kisha herufi ile ikatokea mara tisa. Akafuta, akaanza upya. Mara ya tatu mtandao ukakatika, mama akaambiwa arudi kesho. Anaishi Alunguli. Kurudi kesho maana yake ni kulipa tena pirogi ya kuvuka Lualaba, na pesa hiyo ilikuwa ya unga.

Nilimuuliza kijana tatizo ni nini. Kumbe kompyuta iliyo mbele yake haihifadhi kitu. Anaendesha kutoka Kindu mashini nyingine, iitwayo seva, iliyo mji wa mbali.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kila anapogonga kitufe, ujumbe mdogo unatumwa kwa seva. Seva inasoma kwanza namba iliyo mwanzoni mwa ujumbe, ijue ni wa aina gani. Katika mfumo wa VNC, unaotumika sana duniani, namba 4 ni kitufe, 5 ni mausi, 6 ni maandishi yaliyonakiliwa. Herufi moja inahitaji ujumbe mara mbili: kitufe kimeshuka, kitufe kimepanda. Ule wa pili ukichelewa njiani, seva inadhani kidole bado kimekandamiza, nayo inarudia herufi. Ndiyo maana jina la mama liligeuka vile. Si kosa lake, wala si kosa la kijana.

Lakini kuna jambo linalonitia hofu zaidi ya ucheleweshaji. Mfumo huo wa VNC, ukitumika kama ulivyo bila ulinzi mwingine, haufungi ujumbe wake. Nywila yake ya kawaida inasoma herufi nane tu. Maelezo rasmi ya mfumo huo, RFC 6143 ya mwaka 2011, yenyewe yanakiri kwamba ulinzi wa nywila hiyo ni dhaifu. Anayesikiliza njiani anaweza kukusanya herufi moja moja: jina, kijiji ulichotoka, mtaa unaolala, namba ya simu. Ni kama kuvusha barua mtoni bila bahasha, kila abiria wa pirogi akisoma.

Kwa mtu asiyekimbia kitu, hilo linaweza kuonekana dogo. Kwa familia iliyokimbia Goma ilipotekwa Januari 2025, au Bukavu mwezi uliofuata, kujulikana inalala wapi kunaweza kuhatarisha uhai.

Wako watakaosema seva ya mbali ni salama kuliko kompyuta ya hapa, kwa sababu biro ikiporwa, orodha haitaibiwa. Ni kweli, nami nakubaliana nao. Orodha ikae mbali. Ila nyumba yenye kufuli haitusaidii kitu kama njia ya kuifikia iko wazi.

Kwa hiyo naomba wakubwa wa biro zote zinazoandikisha watu wafanye mambo manne. Kwanza, mawasiliano na seva yapite ndani ya njia iliyofungwa kwa siri, kama SSH au VPN. Programu zake za bure zipo, na fundi wa mtandao anajua kuziweka. Pili, mtandao ukiwa mzito, majina yaandikwe hapa hapa katika faili lililofungwa kwa nywila ndefu, kisha litumwe mara moja na kufutwa. Tatu, seva ikatae kila mashini isiyoijua, na kunakili maandishi kati ya mashini mbili kuzimwe. Nne, kabla mtu hajaondoka, asomewe jina lake kama lilivyoandikwa. Hilo la nne halihitaji hata franka moja.

Nchi yetu ina Sheria ya Dijitali tangu Machi 13, 2023, nayo inazungumzia ulinzi wa habari za mtu binafsi. Hakuna mahali inaposema kwamba mkimbizi hahusiki.

Nanyi wazazi wetu, dada na kaka mliokimbia, msiogope kuuliza mkifika mezani: «Jina langu linakwenda wapi, na nani anaweza kulisoma?» Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Mliacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wenu. Jina ndilo mlilofika nalo Kindu, na anayelipokea ana deni la kulitunza.

Yule mama alirudi kesho yake. Safari hii jina lake liliandikwa sawa. Kama lilisomwa na mwingine njiani, hakuna aliyeweza kumwambia.