TUJUE HAKI ZETU: Nyumba ya Urithi Inapouzwa

Katika miji ya zamani ya pwani, kama Bagamoyo, Pangani na Mikindani, ziko nyumba za mawe ambazo koo zimerithishana kwa miaka mingi. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari imebebwa na boriti za mikoko. Nje pana baraza ya kupumzikia. Mlango ni wa mbao ngumu, umechongwa nakshi.

Mzee akifariki, watoto hutawanyika. Nyumba huanza kuvuja na hakuna wa kuitengeneza. Ndipo mnunuzi hufika na fedha mkononi. Je, tufanye nini?

Kwanza, mrithi mmoja hawezi kuuza mali ya wote. Wanaukoo wakutane, wanawake kwa wanaume, wapendekeze msimamizi wa mirathi. Kisha waende mahakamani. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ndiye mwenye mamlaka ya kuuza. Bila yeye, mauzo yanaweza kubatilishwa. Mnunuzi atadai fedha zake, na ndugu watabaki maadui.

Pili, mwenye nyumba akiwa hai, na nyumba hiyo ni ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume kuiuza bila idhini ya mkewe. Mke naye anakatazwa vivyo hivyo.

Tatu, linden mlango wenu. Wako wanunuzi wanaotaka mlango tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na miimo iliyochongwa Afrika kabla ya mwaka 1940. Haipelekwi nje ya nchi bila kibali. Tena, mkiung'oa mlango leo, kesho mnunuzi wa nyumba atawapunguzia bei.

Nne, msipake saruji juu ya kuta za chokaa ili kumpendeza mnunuzi. Saruji huzuia unyevu usitoke, na ukuta huharibika kwa ndani. Tumieni chokaa.

Mwisho, mapatano yaandikwe, na mashahidi wawepo. Zamani wengi wetu tuliweka dole gumba kwenye karatasi tuliyosomewa na mtu mwingine. Sasa tunajua kusoma. Soma kila mstari mpaka mwisho. Neno usilolielewa, uliza. Ukisharidhika, ndipo utie sahihi yako.