Buscemi anastahili kukumbukwa kwa filamu alizoongoza

Mwaka 1996 Steve Buscemi alionekana katika Fargo, filamu ya ndugu Joel na Ethan Coen, akiwa mhalifu mropokaji ambaye mwili wake unaishia kwenye mashine ya kusaga magogo. Mwaka huohuo alitoa Trees Lounge, filamu ndefu ya kwanza aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe. Watazamaji wakaishika ile mashine, wakaisahau Trees Lounge. Hawakumtendea haki.

Trees Lounge inatupeleka Valley Stream, kitongoji cha Long Island alikokulia Buscemi. Tommy, ambaye anaigizwa na Buscemi mwenyewe, ni fundi magari aliyefukuzwa kazi kwa kuchukua fedha za gereji bila idhini. Mpenzi wake yuko na bosi wake wa zamani. Tommy anashinda baa. Mjomba wake anafia kwenye usukani wa gari la kuuzia aiskrimu, naye anairithi kazi hiyo, kazi ambayo Buscemi aliwahi kuifanya ujanani. Unasubiri Tommy ajirekebishe, hajirekebishi. Mlevi mkongwe wa baa anapolazwa hospitalini, ni Tommy anayekaa kwenye kiti chake. Mwongozaji hamhubirii wala hamdharau, na hilo ni gumu kuliko linavyoonekana.

Mjomba huyo aliigizwa na Seymour Cassel, kipenzi cha mwongozaji John Cassavetes, ambaye alikuwa akiigiza katika filamu za watu ili apate fedha za kutengeneza zake. Buscemi amepita njia hiyohiyo. Con Air na Armageddon zilimpa umaarufu. Filamu zake ndogo zilimpa sauti.

Sauti hiyo hakuipata Hollywood. Baba yake, mfanyakazi wa usafi wa jiji, alimtaka afanye mtihani wa ajira serikalini, na kuanzia 1980 hadi 1984 Buscemi alikuwa askari wa zimamoto katika kikosi cha Engine 55, Manhattan, huku akiigiza kwenye majukwaa madogo. Majengo pacha yalipoanguka Septemba 2001 alirudi kikosini, akafukua vifusi zamu za saa 12 bila kutafuta kamera. Mtu wa namna hii akisimulia habari za watu wasio na cheo, anawasimulia kama majirani zake.

Animal Factory, filamu aliyoiongoza mwaka 2000, inathibitisha hilo. Ilitokana na riwaya ya Edward Bunker, aliyewahi kufungwa San Quentin na kuigiza pamoja na Buscemi katika Reservoir Dogs. Willem Dafoe ni mfungwa mzoefu anayemlea kijana mgeni gerezani, na kinachoshika filamu nzima ni upendo wa watu wawili waliokosa kila kitu kingine. Lonesome Jim ilifuata mwaka 2005. Studio ilipojitoa, Buscemi aliipiga kwa kamera ndogo za dijitali kwa takriban dola 500,000 tu, sehemu kubwa ikiwa ndani ya nyumba ya wazazi wa mwandishi wake, Indiana.

Hata kwenye televisheni mkono wake hujulikana. Katika Pine Barrens, kipindi cha The Sopranos alichokiongoza mwaka 2001, majambazi wawili wa kuogopwa wanapotea porini kwenye theluji. Mmoja amepoteza kiatu. Wanajibanza kwenye gari bovu lililotelekezwa, wakifyonza vipakiti vya kechapu ili wasife njaa. Ubabe wote umewatoka, na kwa mara ya kwanza unawaonea huruma.

Yapo madai kwamba amekwishatuzwa, kwa kuwa tamthilia ya Boardwalk Empire ilimpa nafasi kuu na tuzo ya Golden Globe mwaka 2011. Tuzo hiyo ilikuwa haki yake, lakini ilikuwa ya mwigizaji. Hao majambazi wenye njaa, Tommy na wafungwa wa Bunker ni kazi ya mwongozaji, na makala nyingi zinazomsifu huziweka kazi hizo mwishoni, katika aya moja fupi. Wahariri wa kurasa za filamu waanze nazo.