Msihesabu Wachina Mezani

Nairobi, Dar es Salaam, London na New York, watu wanapopanga wapi waende kula jioni, kanuni moja haikosekani: ukitaka kujua kama mgahawa wa Kichina ni mzuri, chungulia ndani uhesabu Wachina. Wakiwa wengi, ingia. Wasipokuwapo, hicho ni chakula cha kuwalaghai wageni. Kanuni hiyo huhamishiwa pia kwenye migahawa ya Kijapani, ambako mlaji humkagua mpishi sura kabla hajautazama wali. Wanaoishikilia wanaamini wanatetea ubora. Wanachokitetea ni dhana ya "chakula halisi" ambayo historia ya vyakula hivyo inaikanusha kila inapofunguliwa, na dhana hiyo imewanyima heshima wapishi waliofanya kazi ngumu kuliko ile ya kunakili mapishi ya kwao.

Mshitakiwa wa kwanza huwa ni kuku wa Jenerali Tso. Ndiye anayetajwa kila mtu anapotaka kuonyesha jinsi Marekani ilivyoharibu mapishi ya Kichina: vipande vya nyama vilivyopakwa wanga, vikakaangwa mpaka vikawa vikavu kwa nje, kisha vikazungushwa ndani ya mchuzi mzito wa sukari, siki na pilipili kavu. Jenerali mwenyewe, Zuo Zongtang wa jimbo la Hunan, alifariki mwaka 1885 bila kuonja kitu kama hicho. Aliyekibuni ni Peng Chang-kuei, mpishi mzaliwa wa Hunan aliyewapikia wakubwa wa serikali ya China ya chama cha Kuomintang na kukimbilia Taiwan baada ya serikali hiyo kushindwa vita mwaka 1949. Huko Taiwan, katika miaka ya 1950, alitengeneza mlo mkali, wenye chumvi na uchachu, usio na sukari hata chembe, akaupa jina la shujaa wa jimbo lake. Mwaka 1973 akahamia New York. Wapishi wenzake jijini humo walikuwa wamekwisha kuuchukua mlo wake, wakauongezea ukavu na sukari, na wateja wakaupenda. Peng naye alipofungua mgahawa wake huko akatia sukari, kwa sababu hakuwa akiwapikia watu wa Hunan tena.

Kisha mwaka 1990 akarudi nyumbani, akafungua mgahawa Changsha, mji mkuu wa jimbo lake. Haukudumu. Wenyeji walikiona chakula chake kimezidi sukari.

Wanaopima uhalisi wanapaswa kujibu swali hili: katika maisha ya Peng, sahani gani ilikuwa ya kweli? Ile ya mkimbizi aliyekuwa Taiwan akiikumbuka Hunan? Ile ya New York, iliyopikwa na mtu yuleyule kwa mikono ileile? Au ya Changsha, iliyopikwa kwenye ardhi ya Hunan na ikakataliwa na watu wa Hunan? Mzee huyo alifariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 98, na hakuna hata mwaka mmoja kati ya hiyo ambao mtu mwenye akili timamu angeweza kumwambia kwamba hajui chakula cha Kichina.

Tukirudi nyuma zaidi, jambo linazidi kuwa zito, kwa sababu menyu ya Kichina ya Marekani iliandikwa chini ya shinikizo la sheria. Mwaka 1882 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia. Wafanyabiashara walisamehewa. Mwaka 1915 uamuzi wa mahakama ukawaingiza wenye migahawa katika kundi hilo la wafanyabiashara, na mlango mwembamba ukafunguka. Mwanahistoria Heather Lee ameeleza masharti yake: mgahawa uwe wa hadhi ya juu, mwombaji awe na hisa kubwa ndani yake, na kwa mwaka mzima asipike, asioshe vyombo wala asiwahudumie wateja, huku mashahidi wazungu wakimthibitisha. Basi ndugu na jamaa wakachangishana fedha, wakapokezana umeneja, na kila aliyemaliza zamu yake akapata njia ya kusafiri na kuleta watu wake. Sheria ile ilifutwa mwaka 1943 tu.

Mgahawa wa hadhi ya juu hauwezi kuishi kwa kuwauzia vibarua wachache wa mtaa wa Wachina. Ulihitaji wateja wa mji mzima, na wateja hao walitaka chop suey. Leo chop suey inachekwa kama uzushi wa Marekani, ingawa watafiti kadhaa wameifuatilia mpaka Taishan, wilaya ya Guangdong ambako wengi wa wahamiaji wale walitoka, na ambako mchanganyiko wa matumbo na mboga uliokaangwa kwa pamoja ulikuwa mlo wa kawaida. Wenye migahawa waliyapunguza matumbo, wakaongeza nyama laini na mchuzi, wakauza. Kila sahani iliyotoka jikoni ilikuwa inalipia nauli ya mtu na kuikutanisha familia iliyotenganishwa na bahari. Kuiita sahani hiyo ya uongo ni kuwatukana watu waliokuwa wakipigania haki ya kuwepo.

Lakini labda uhalisi upo China kwenyewe, kabla wageni hawajaugusa? Sichuan na Hunan zinasifiwa duniani kote kwa pilipili zao, na pilipili asili yake ni bara la Amerika. Ilifika China mwishoni mwa karne ya 16, na ilichukua vizazi kadhaa kabla ya kuwa chakula cha kila siku katika majimbo hayo. Mayai ya kukaanga kwa nyanya, mlo ambao watoto wa Kichina hufundishwa na mama zao, umejengwa juu ya tunda lililotoka huko huko Amerika. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kushangaa: mahindi ya ugali wake na muhogo wa futari yake vilivuka Atlantiki, na chapati na biriani vilivuka Bahari ya Hindi, na hakuna mtu Mombasa anayeiambia chapati ya asubuhi kwamba si ya kweli. Uhuru huo tunaojipa wenyewe ndio tunaowanyima Wachina.

Wajapani wanatendewa vibaya zaidi, kwa sababu wao wamepambwa kwa ibada. Sushi huzungumziwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ilishuka na mababu. Kipande cha samaki juu ya wali uliotiwa siki, kinachobanwa kwa mkono, kilienea Edo, ambayo sasa ni Tokyo, katika miaka ya 1820. Kiliuzwa vibandani kwa watu wenye haraka zao, wakala wamesimama, wakaondoka. Tempura ilitokana na mapishi ya Wareno waliofika Nagasaki katika karne ya 16. Rameni ni tambi za Kichina. Mgahawa wa Rairaiken uliozieneza Tokyo ulifunguliwa mwaka 1910 na mmiliki wake akawaajiri wapishi Wachina kutoka Yokohama.

Samoni ndiyo inayomaliza ubishi. Wajapani walikuwa wakiila kwa karne nyingi, lakini si mbichi, kwa sababu samoni ya Pasifiki ina minyoo. Katikati ya miaka ya 1980 Norwei ilikuwa na samoni ya kufugwa iliyowashinda kuuza, na mwaka 1985 ujumbe wake ukaenda Japani kutafuta soko. Wanunuzi wa Tokyo waliikataa ladha, rangi na harufu yake. Wanorwei walihangaika kwa miaka kadhaa, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni kubwa ya vyakula ya Nichirei ilipokubali kuchukua tani 5,000 na kuziuza kama samaki wa kuliwa mbichi. Leo samoni ni miongoni mwa vipande vinavyoagizwa zaidi katika migahawa ya sushi Japani. Mlaji wa Nairobi anayeagiza samoni kwa kuwa anataka "sushi ya asili", na kumdharau anayekula ile yenye parachichi iliyozaliwa Amerika Kaskazini katika miaka ya 1960 au 1970, amechagua mgeni aliyechelewa kuliko yule anayemdharau.

Serikali ya Japani yenyewe ilijaribu kuwa polisi wa jambo hili. Mwaka 2006 Waziri wa Kilimo, Toshikatsu Matsuoka, alikasirishwa na mgahawa wa Colorado uliojiita wa Kijapani huku ukiweka sushi na nyama choma ya Kikorea kwenye menyu moja. Akapendekeza mpango wa kuithibitisha migahawa ya Kijapani iliyo nje ya nchi. Magazeti ya Marekani yakauita mpango huo polisi wa sushi, na ukapunguzwa makali. Kilichokuja baadaye, mwaka 2016, kilikuwa na busara zaidi: vyeti vya ngazi tatu kwa wapishi wa kigeni, vinavyopima mafunzo na ujuzi. Pasipoti haitahiniwi.

Kinachofichwa na neno "halisi" ni kwamba upo udanganyifu wa kweli, na haupatikani kwa kuhesabu sura. Shirika la Oceana lilipopima samaki wa kuuzwa Marekani na kutoa ripoti mwaka 2013, asilimia 74 ya sampuli zilizochukuliwa kwenye migahawa ya sushi zilikuwa na majina yasiyo yao. Huyo ni mteja anayelipia samaki mmoja na kuletewa mwingine. Wasabi ya kijani inayowekwa pembeni ya sahani, hata Japani, mara nyingi ni mzizi mwingine mkali uliotiwa rangi. Hapo ndipo pa kuwa mkali. Mgahawa unaoandika samoni na kuleta samoni, ukaipaka mayonezi na pilipili ya pwani, haujamdanganya mtu yeyote.

Kanuni ya kuhesabu Wachina ina sura nyingine mbaya zaidi. Machi 2015, mgahawa mmoja wa Kichina jijini Nairobi ulibainika kuwa unawazuia Waafrika weusi kuingia baada ya saa kumi na moja jioni. Wakenya walighadhibika, na mamlaka zikaufunga baada ya kukuta hauna vibali vinavyotakiwa. Ghadhabu ile ilikuwa ya haki. Lakini kwa kipimo cha wanaochungulia dirishani, ukumbi ule wa jioni, wenye Wachina watupu, ndio ungepata alama za juu kabisa. Kipimo kinachoupa ubaguzi nyota tano hakifai kuwekwa mkononi mwa mtu anayeipenda meza.

Na kuna ubaguzi wa bei ndani yake. Krishnendu Ray, mwanazuoni wa masuala ya chakula wa Chuo Kikuu cha New York, amefuatilia bei za migahawa ya jiji hilo kwa miongo kadhaa na kuonyesha kwamba chakula cha Kijapani kilipanda hadi daraja la Kifaransa, huku cha Kichina kikibaki chini, na kwamba hadhi hufuata utajiri wa nchi na hali ya wahamiaji wake. Mteja anayelipa pesa nyingi kwa vipande sita vya samaki bila kunung'unika ndiye anayelalamika kwamba tambi za kuvutwa kwa mkono ni ghali. Mkono uliozivuta ulifanya kazi ileile ya miaka.

Anayetaka kuona jinsi mapishi yanavyosafiri na aende akaagize chili mogo, Nairobi au katika migahawa ya Wahindi wa Afrika Mashariki kule Wembley na Harrow, jijini London. Muhogo hukatwa vidole vinene, huchemshwa mpaka uanze kupasuka, kisha hukaangwa kwenye mafuta mengi hadi kingo zigeuke rangi ya dhahabu. Karai lingine huwekwa kwenye moto mkali. Kitunguu saumu na tangawizi huingia kwanza, halafu pilipili, sosi ya nyanya na sosi ya soya, na muhogo hurudishwa humo na kurushwa haraka kabla mchuzi haujaulainisha. Ukichelewa nusu dakika, unakula muhogo uliolowa. Sosi ile ilianzia kwa Wachina wa Kihakka waliohamia Kolkata. Ni ukoo uleule uliomtoa kuku wa Manchurian, aliyebuniwa Mumbai mwaka 1975 na Nelson Wang, Mchina mzaliwa wa Kolkata. Wahindi wa Afrika Mashariki wakaikutanisha na muhogo wa huku, na waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 pamoja na waliohama Kenya wakaupeleka muhogo wao Uingereza. Muhogo wa Amerika, sosi ya China, karai la Mhindi, meza ya London. Hakuna idara ya serikali yoyote inayoweza kuupa mlo huo cheti cha asili, na ukiwa umepikwa vizuri hauhitaji.

Kwa hiyo waandishi wa magazeti na wanaotoa nyota mtandaoni waandike mambo yanayoweza kuonjwa. Wali wa kukaanga umetengana punje kwa punje, au umepikwa kwa wali wa moto ukashikana? Mboga zimeiva zikabaki na mlio, au zimekaa mvukeni mpaka zikakata tamaa? Wali wa sushi una uvuguvugu na siki inayosikika, au umetoka jokofuni ukiwa mgumu? Samaki ana jina lake? Waseme pia ni nani yuko jikoni. Katika migahawa mingi ya Kichina ya miji yetu, anayekata nyama na kushika karai ni Mkenya au Mtanzania aliyejifunza kazi hiyo kwa miaka, na jina lake halijawahi kuandikwa kwenye tathmini hata moja.